Feni Niliyoinyamazisha Gatina

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, kama iliyopita juzi. Mwalimu mmoja asiyeona aliniuliza swali dogo kuhusu mashine niliyokuwa nimemtengenezea. Nikampa jibu dogo la uongo, nikachukua mfuko wangu wa vifaa, nikaenda zangu nyumbani nikiimba. Ndiyo, nikiimba. Uongo wenyewe haukuniuma hata kidogo siku ile. Uchungu wake ulikuja baadaye, na mpaka leo nikiukumbuka huwa naacha kidogo ninachofanya.

Nakueleza haya kwa sababu naona nawe umeanza kufungua vitu vya watu. Jana umefungua simu ya jirani, leo umefungua redio ya shangazi yako. Sikukatazi. Mimi mwenyewe nimekula kwa kazi hiyo na nimesomesha watoto kwa kazi hiyo. Ila kaa kidogo hapa, unywe chai, nikwambie jambo ambalo hakuna anayelifundisha pale unapofundishwa kushika bisibisi.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa nikiishi mtaa wa Gatwekera, jijini Nairobi, na mama yangu, chumba kimoja cha udongo na mabati, na kazi yangu ilikuwa Kawangware, kwenye kibanda cha kutengeneza redio cha mtu aliyeitwa Fundi Hezron. Kila asubuhi nilipanda kwa miguu mpaka mtaa wa Olympic, nikazitazama zile nyumba za mawe zilizokuwa zingali na rangi mpya, nikajiambia iko siku, halafu nikavuka barabara ya Ngong na kuendelea mbele. Mvua ikinyesha nilibeba viatu mkononi na kuvivalia karibu na kazini, nisionekane nimetoka matopeni. Ujana una mambo yake. Kila mtu Kawangware alikuwa anatoka kwenye matope ya aina fulani, lakini mimi nilidhani ni yangu tu yanayotazamwa.

Gatwekera hatukuwa na stima, yaani umeme. Nilijifunza kuunga waya kwa chuma nilichokipasha moto kwenye jiko la makaa, mama akipika ugali upande mmoja na mimi upande wa pili nikiyeyusha risasi ya kuungia, yeye akilalamika kwamba chakula kitanuka kiwanda. Redio yake ya betri ndiyo niliyoifungua kwanza. Iliponishinda nililia. Ilipokubali kuongea tena, mama aliita majirani wote waje wasikilize taarifa ya habari, hata wale waliokuwa na redio zao.

Sasa, kwa Hezron kulikuwa na jambo moja lililonikera. Mteja akija akanikuta peke yangu kwenye benchi, na chuma kiko mkononi, alikuwa anauliza, "Fundi yuko wapi?" Namjibu, "Ni mimi." Anacheka kidogo, anasema, "Sawa, lakini mwenyewe anarudi saa ngapi?" Hii ilikuwa kila siku ya Mungu. Ukisikia hilo swali mara mia, linaanza kukutengeneza vibaya ndani. Unaanza kutaka sifa kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na hapo ndipo mtu anapoponea au kuharibikia.

Mtu wa kwanza ambaye hakuniuliza fundi yuko wapi alikuwa Mwalimu Gathogo.

Mwalimu alikuwa mtu wa Gatina hasa, pale pale Kawangware, shamba la baba yake lilikuwa hapo kabla ya kuwa ploti za kupangisha. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, mpaka ugonjwa wa macho ukamfungia mlango polepole, jicho moja kisha la pili. Wengine wangekaa nyumbani wakingoja kodi ya vyumba. Yeye alikwenda kujifunza kusoma kwa vidole, akarudi, akaomba kanisa chumba cha nyuma, akaanza darasa la vijana wasioona. Walikuwa watano. Mmoja wao alikuwa msichana anaitwa Zipora, wa rika langu, kutoka upande wa Vihiga, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika.

Wageni fulani wa kanisa walikuwa wameletea darasa lile zawadi: kompyuta ndogo. Mwanangu, usifikirie hizi zenu za kuweka mfukoni. Ilikuwa sanduku zito, rangi ya maziwa yaliyokaa, na juu yake kioo ambacho hakuna aliyekihitaji mle darasani. Kando yake kulikuwa na kisanduku cha sauti. Ukiandika neno, kisanduku kinalisoma. Kwa mtu anayeona hiyo ni michezo tu. Kwa mtu ambaye tangu azaliwe barua zake zinaandikwa na wengine na kusomwa na wengine, siri zake zote zikipita midomoni mwa jirani, hebu fikiria.

Shida ni kwamba ile sauti ilikuwa imefundishwa Kizungu. Ukiandika "mimi" inasema "maimai". Ukiandika "wewe" inasema "wiwi". Siku ya kwanza nilipokwenda nilikuta darasa zima limelala juu ya madawati kwa kicheko. Lakini Zipora alikuwa ameshagundua ujanja. Aliandika "meemee", na mashine ikasema "mimi", safi kabisa, kama mtu aliyezaliwa mtaani Kariobangi.

"Hiyo ya kutamka tutaishinda wenyewe," Mwalimu akaniambia. "Mimi nimekuita kwa sababu ya kelele. Sikiliza."

Nikasikiliza. Chini ya ile sauti kulikuwa na mvumo mzito, kama nyuki waliofungiwa kwenye mtungi. Na juu ya huo mvumo kulikuwa na mluzi mwembamba usiokoma. Wewe na mimi tungevumilia. Lakini hawa waliishi kwa masikio. Zipora akiandika "pata" hakuwa na hakika kama amesikia "pata" au "bata". Nusu saa tu na kichwa kinamuuma.

"Fundi," akasema Mwalimu, "unaweza?"

Aliniita fundi. Nilimwambia naweza kabla sijafungua hata skrubu moja.

Mvumo ulikuwa rahisi. Kwenye sehemu inayoleta umeme mlikuwa na kapasita mbili, vile vikopo vya kutuliza umeme, zilizofura vichwa kama mandazi. Kwa Hezron tulikuwa na amplifaya iliyokufa ya baa moja, nikatoa kapasita kubwa zaidi humo, nikazifunga, na nyuki wakatoka mtungini. Nilimweleza Mwalimu nilichofanya. Akafurahi, akataka kuzishika zile mbovu, akapapasa vichwa vyake vilivyofura, akazipitisha kwa wanafunzi mmoja mmoja.

Mluzi ndio uliobaki, na mluzi ulikuwa unatoka kwenye feni. Nyuma ya sanduku kulikuwa na feni ndogo ya kupooza mashine, na ilikuwa inakula umeme kwenye waya uleule unaolisha sauti. Kila ilipozunguka, uchafu wake uliingia kwenye sauti, kama watu wawili wanaokunywa kikombe kimoja na mmoja ana tope mdomoni. Dawa yake niliijua. Feni ipewe transfoma yake ndogo, ipunguzwe mwendo, na iwekewe vipande vya mpira isitikise sanduku. Lakini transfoma ya kufaa ilikuwa lazima itafutwe mjini, na Hezron alikuwa anakwenda mjini akijisikia.

Kwanza nilitaka tu kuhakikisha. Nikakata waya wa feni, nikawasha.

Mwanangu, sauti ilitoka kama imeoshwa. Zipora aliandika "pata". Kisanduku kikasema. Akaandika "bata". Kikasema.

"Zimetofautiana!" akapiga kelele. "Mmesikia? Hiyo ni pata, na hiyo ni bata! Rudia, ngoja, narudia!"

Wakaanza wote kupiga makofi, kukanyaga sakafu ya mbao, mmoja akanitafuta kwa mikono mpaka akanipata akanikumbatia. Nani angeurudisha mluzi wakati ule? Mimi sikuurudisha. Nikajiambia wacha wafurahi leo, nikipata transfoma nitakuja kuifunga feni vizuri. Nikazungushia ncha za ule waya tepu nyeusi, nikafunga sanduku.

Mwalimu alikuwa amesimama kando ya meza, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Na feni?" akauliza. "Siisikii."

Hapo, mwanangu. Hapo ndipo yote yalipoharibika. Ningesema, "Nimeikata kwa muda, Mwalimu, isiwashwe zaidi ya dakika kumi." Maneno machache tu. Lakini vijana walikuwa bado wananishangilia, na ningesema hivyo ningeonekana sijamaliza kazi.

"Nimeitia mafuta," nikasema. "Inazunguka polepole sasa."

"Mafuta tu?"

"Mafuta tu, Mwalimu."

"Basi Mungu amekupa mikono," akasema, akanipa chai.

Ulikuwa mwezi wa baridi. Unajua Julai ya Nairobi, asubuhi ukungu mpaka kwenye mabati. Darasa liliwasha mashine mara mbili kwa wiki, saa chache, na baridi ile ikafanya kazi ya feni bila malipo. Wiki zikapita, miezi ikapita. Mwanzoni nilikuwa nikimkumbusha Hezron habari ya transfoma. Baadaye nikaacha kumkumbusha. Nikipita Gatina, Zipora alikuwa ananitambua kwa hatua zangu na kuniita, "Sasa Rispa! Leo nimeandika kurasa mbili!" Nami nilifurahi kweli. Kile nilichokificha kilikuwa kimekaa kimya sana, mpaka nikakaribia kuamini kwamba nilitia mafuta.

Kisha ikaja siku ya kamati. Kanisa lilitaka kuona kama darasa lile ni la maana, kama lipewe chumba kabisa na mashine ibaki hapo, ama kila kitu kipelekwe kwingine. Krismasi ilikuwa imepita, jua la Januari limeshika mabati. Watu kama ishirini waliingia kwenye kile chumba. Nje palikuwa na mhubiri mwenye kipaza sauti, kwa hiyo wakafunga madirisha ili mashine isikike. Mwalimu akaiwasha mapema, isije ikasumbua mbele ya wageni. Halafu mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Gatina, akasimama kusema machache. Wewe unajua machache ya wenyeviti. Alisema, akafuatwa na katibu, akafuatwa na mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma na gauni langu la Jumapili, jasho linanitiririka mgongoni, na si kwa sababu ya joto peke yake. Nilikuwa nalitazama lile sanduku. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema tu, jamani izimwe kidogo. Niliona haya kukatiza hotuba.

Zipora akaitwa. Alikuwa ameandika barua kwa mama yake, barua ya kwanza maishani aliyoiandika bila mtu mwingine kujua kilichomo. Ilikuwa kwenye disketi, kile kisahani cha kuhifadhia maandishi, pamoja na kazi zote za wenzake za miezi ile. Akabonyeza, kisanduku kikaanza.

"Mama, sasa ninaandika mwenyewe. Hakuna mtu aliyenisaidia. Nataka nikuambie jambo ambalo..."

Sauti ikaanza kulegea. Ikawa nzito, kama mlevi anayetafuta neno. Ikanyamaza.

"Kuna kitu kinaungua," Zipora akasema, kabla pua ya mtu yeyote haijasikia.

Kisha moshi ukaonekana, uzi mwembamba ukitoka nyuma. Mtu akang'oa plagi. Madirisha yakafunguliwa, na mahubiri ya nje yakaingia yote kwa pamoja. Zipora alibaki ameketi, vidole bado viko kwenye herufi, anabonyeza, anabonyeza.

Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Ni stima ya huku kwetu. Inapanda, inashuka. Hizi vitu ni za mjini." Akanigeukia mimi, maana aliniona na mfuko wa vifaa. "Ama namna gani, fundi?"

Lile jina nililokuwa nikililia miaka yote. Nikasema, "Inaweza kuwa stima."

Uongo wa pili. Huo nilisema mbele ya watu ishirini. Kamati ikaamua siku hiyohiyo: mashine ipelekwe ofisi ya kanisa mjini ikatafutiwe kazi, na habari ya darasa itaangaliwa baadaye. Nilitembea mpaka Gatwekera bila kuona njia. Mama akaniuliza kama nimeugua. Nikamwambia ni jua.

Jumatatu asubuhi Mwalimu alikuja kibandani. Aliletwa na mkewe, wameshikana mikono kama wanavyotembea siku zote, yeye nusu hatua nyuma. Akamwomba mkewe amngoje kwa jirani.

"Twende tuifungue ile mashine," akaniambia. "Mimi na wewe."

Tukaenda darasani. Nikatoa skrubu. Akanyoosha mkono. "Niweke pale ilipoungua." Nikauweka. Akapapasa, akanusa vidole. "Sasa niweke kwenye feni." Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na najua aliusikia. Akaisukuma feni kwa kidole, ikazunguka bila shida. Akaushika waya wake, akaufuata taratibu, sentimita kwa sentimita, mpaka akafika mwisho kwenye kile kifundo cha tepu. Akakipapasa pande zote.

"Nani alifunga hapa?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Lini?"

"Ile siku."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Aliketi kwenye benchi la Zipora, akapangusa mikono kwa leso, akaanza kuongea kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kufika kwake.

"Rispa, mke wangu akiniambia kuna ngazi, nainua mguu. Akiniambia hakuna, naenda tu. Siwezi kuhakikisha. Nikitaka kuhakikisha kila kitu, sitatoka nyumbani. Hivyo ndivyo ninavyotembea hapa Gatina, kwa kuambiwa. Nilikuuliza habari ya feni. Ukaniambia hakuna ngazi."

Nikaanza kulia. Akaningoja nimalize.

"Ungekosea kazi, hata nisingesema kitu," akaendelea. "Mimi nimefundisha, najua kukosea. Lakini wewe ulijua. Ulinitazama ukaona sioni, na ukatumia hiyo."

"Sikukusudia, Mwalimu. Walikuwa wamefurahi sana."

"Najua. Hata mimi nilifurahi. Sasa uende uwaambie kamati si stima."

"Watasema ndiyo maana hawataki msichana ashike vitu vyao."

"Watasema," akakubali. "Na mimi watanisema, kwa sababu nilizunguka nikiwaambia hakuna fundi kama wewe. Tutakwenda wote. Lakini kuongea, utaongea wewe."

Tulimkuta mwenyekiti dukani, katikati ya misumari na mabati, na wateja wanasikia. Nilisema yote. Nilisema nilikata waya, nilisema nilidanganya mara mbili, nilisema stima ya Gatina haina kosa. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa rangi iliyochanganywa maji. Akasema maneno makali, na mengine yalikuwa ya haki. Akasema Hezron asiletewe tena kazi yoyote ya kanisa. Habari zilimfikia Hezron kabla sijarudi. Naye, mtu mpole siku zote, hakunitazama usoni siku nzima.

"Na hiyo mashine imeshaahidiwa mjini," mwenyekiti akamalizia. "Gari linakuja Alhamisi. Siwezi kurudisha neno langu kwa sababu ya mambo ya watoto."

Mwalimu akasema jambo moja tu. "Basi tuachieni mpaka hiyo Alhamisi."

Siku mbili zile nazikumbuka kuliko siku nyingi nilizopata furaha. Nilikwenda mjini mwenyewe, nikanunua transfoma ndogo na kile kijidude cha miguu mitatu kinachosawazisha umeme, ambacho ndicho kilichokuwa kimeungua. Nikarudi darasani. Mwalimu akaketi karibu, na kila nilichokitoa nilimwekea kiganjani na kumwambia jina lake, kazi yake, na kwa nini nakitoa. Kila nilichokiweka, vilevile. Feni nikaipa transfoma yake, nikaipunguza mwendo kwa rezista moja, kile kizuizi kidogo cha umeme. Nikakata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vinne, nikaikalisha feni juu yake isitikise sanduku. Ilichukua muda mara tatu ya kawaida. Katikati ya kazi nikagundua kwamba sitetemeki tena.

Tulipoiwasha, feni ilikuwa inapuliza na sauti ilikuwa safi. Vyote viwili. Vingewezekana tangu Julai, mwanangu. Vilihitaji nauli ya kwenda mjini na mdomo wa kusema bado sijamaliza.

Disketi haikupona, ilikuwa ndani ya mashine ilipoungua. Kazi zote za miezi ile zilipotea, na hakuna ufundi wowote ulioweza kuzirudisha. Nilimwambia Zipora mwenyewe. Hakuongea na mimi Jumanne yote wala Jumatano. Alhamisi asubuhi nilimkuta amefika mbele ya wote, ameketi, anaiandika barua ile tena tangu mwanzo.

"Nimeikumbuka," akasema bila kunigeukia. "Lakini hii si ileile. Ile ilikuwa nzuri kuliko hii."

"Nisamehe, Zipora."

"Bado nimekasirika." Akaandika mstari mwingine. "Kaa hapo. Nikimaliza, uniandikie kwa mkono, uiweke posta. Na usibadilishe neno hata moja."

Gari lilifika kabla hajamaliza kuisikiliza. Mwenyekiti akaingia na vijana wawili wa kubeba. Akasimama mlangoni, maana kisanduku kilikuwa kinasoma barua ya binti kwa mama yake, taratibu, kila neno limesimama peke yake. Akavua kofia. Akasikiliza mpaka mwisho. Kilichokuwa ndani ya barua ile sitakwambia, ilikuwa ya mama yake. Kisha akasema, kwa sauti tofauti na ya dukani, "Chukueni." Wakachukua. Alikuwa ameahidi.

Lakini chumba hakuchukua. Darasa likaendelea pale miaka mingi, kwa vidole na kwa kinasa sauti cha kaseti ambacho nilikitunza mimi bila kulipwa, na Mwalimu hakuwahi kuniuliza swali mara mbili. Nilikuwa namwambia kabla hajauliza. Zipora alipata kazi ya kupokea simu kwenye ofisi moja mjini. Ilimchukua karibu mwaka mzima kucheka tena na mimi kama zamani, na sikumlaumu. Hezron alikaa wiki kadhaa hanipi kazi ila kupangusa vumbi, halafu siku moja akanisukumia redio iliyofunguka tumbo, akasema, "Haya, hii imenishinda." Wote wawili, yeye na Mwalimu, wamekwishatangulia. Nikipita Gatina leo, mahali pale kuna ghorofa za kupangisha, maduka chini, nguo zimeanikwa juu, na vijana wa bodaboda hawajui kwamba hapo zamani mashine ilisoma barua.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, ni hii, na naisema wazi usije ukaondoka na hadithi tu.

Unapotengeneza kitu cha mtu, mwambie ulichokitoa. Mpe mkononi akikitaka. Mwambie ulichokibakiza bila kumaliza, hata kama amekwisha kuanza kukushukuru, na hasa akiwa ameanza kukushukuru, kwa sababu hapo ndipo mdomo unapokuwa mzito. Usimpe mtu uzuri wa leo kwa kumwibia usalama wa kesho akiwa hajui. Yule anayekuletea simu yake haoni ndani ya simu. Mgonjwa haoni ndani ya dawa. Mama yako akikuuliza unakwenda wapi, haoni huko unakokwenda. Wote hao wanatembea kwa neno lako. Mtu akikuuliza swali fupi la kweli, jibu kweli hapohapo, kabla sifa hazijakuwahi. Na ukishakosea, kama mimi, basi usingoje mkono wa mtu uufuate waya mpaka kwenye kifundo ulichokifunga. Nenda mwenyewe. Utaaibika, ndiyo. Watu watasema. Kazi inaweza kupungua kwa muda. Lakini utalala, na kesho yake mkono wako utashika chuma bila kutetemeka.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi ya kutosha na akili ya kuifanya. Akupe watu watakaokuamini, na akupe moyo wa kuistahili imani yao. Ukikosea, akupe mtu atakayekwambia kwa upole na asikuache uende zako hivihivi. Nyumba utakayoijenga iwe na amani, na jina lako likitajwa mahali ambapo wewe hupo, anayelitaja awe na raha moyoni. Haya, maliza chai yako, uende salama.